Betri Nne za Kumrekodi Mzee

Mpiga picha wa mtaa wetu, tuliyemwita Bi Flashi, alikuwa mjane asiyeogopa mtu wala mbwa. Alichoogopa ni betri. Kamera yake iliwahi kumzimikia bwana harusi akiwa kashika pete, na bibi harusi akamlilia mbele ya watu. Tangu hapo, kila alipobonyeza kitufe, jicho lilikuwa kwenye alama ya betri.

Jumatatu jirani yake, fundi cherehani, alimjia mbio. "Dada, baba anapasuliwa koo Jumatano. Daktari kasema sauti haitarudi. Njoo kesho umrekodi akisema na wajukuu."

Bi Flashi aliitikia. Betri zake za kuchaji zilikuwa zimechoka, hazifikishi hata dakika tano za video. Mpya za bei ya juu hakuziweza.

Dukani muuzaji alimwekea pakiti mbili tofauti za bei nafuu, kila moja na betri nne za kuchaji. "Chukua hizi, mama. Namba ya chaji iliyoandikwa hapa ni mara mbili ya zile."

Akazipima kiganjani. Nyepesi kama maganda ya karanga! Zile za namba ndogo zilikuwa nzito.

"Mbona namba kubwa haina uzito?"

Muuzaji akajikuna kisogo. "Karatasi haikatai maandishi, mama."

Akabeba nzito, lakini moyo haukutulia. Akikosea hapa, hakuna kurudia. Zilipokuwa kwenye chaja alizigusagusa kama mtoto mwenye homa.

Jumanne mzee aliketi kitandani, akaanza na mjukuu mkubwa. Alikohoa, akaanza upya. Dakika kumi. Kumi na tano. Jasho lilimtiririka Bi Flashi mgongoni. Maneno hakuyasikia, macho yalikuwa kwenye alama ya betri. Ikashuka hadi nusu.

"Nimwambie aharakishe?" fundi cherehani alinong'ona.

"Mwache," alijibu, ingawa alitamani kusema ndiyo.

Alama ikaanza kuwaka nyekundu mzee alipofika kwa mjukuu wa mwisho. Alipomaliza akamgeukia mpiga picha: "Na wewe mwanangu unayetetemeka, umekula leo?" Wote wakacheka, na kicheko chenyewe kikaingia kwenye video.

Wiki mbili baadaye mzee alirudi nyumbani, anaongea kwa kuandika kwenye daftari. Wajukuu wakamwashia video, naye akajisikiliza, mkono shingoni. Bi Flashi hakumwona. Sauti ilipoanza tu alitoka nje, akaegemea ukuta, akayasikiliza kwa mara ya kwanza maneno ambayo siku ile hakuyasikia.