Mikono Miwili ya Kushoto

Mtaani walimwita Fundi Milimita, na jina hakulipata bure: kwa miaka ishirini na mbili hakuna suruali iliyorudi kwake kwa kupwaya. Basi siku muuguzi wa kliniki alipokuja kuchukua koti lake la kazini, akakuta lina mikono miwili ya kushoto, hata fundi mwenyewe aliduwaa.

Hilo ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, anayesahau kugeuza kitambaa anapokata mkono wa pili. Muuguzi hakucheka. Alivuta kigoda.

"Kaka, unalala vizuri?"

"Silali. Na chakula nakiona kama mchanga."

"Tangu lini?"

"Miezi minne." Akainamisha kichwa. "Dada, usinizungushe. Nina wazimu?"

Masikini, bwana huyu alijua maneno chungu nzima ya nguo, ila ya akili alikuwa nayo mawili tu: mzima na mwendawazimu. Mzima alijua si yeye, kwa hiyo alijihukumu mwenyewe akafunga mdomo. Mkewe alipoona mume hali chakula, haongei, anageukia ukutani, alikata shauri kwamba yuko mwanamke wa nje. Jioni ile alikuwa anahamia kwa dada yake. Na fundi, kwa kichwa kigumu cha wanaume, aliona afadhali aitwe mhuni kuliko kichaa!

Muuguzi alimweleza taratibu. Huzuni kila mtu huipata, nayo hupita. Msongo wa mawazo humjia aliyeelemewa, na mara nyingi mzigo ukipungua nao hulegea. Lakini huzuni ikiganda wiki hadi wiki, ikala usingizi, hamu ya chakula na utulivu wa kazi, huenda ni sonona.

"Ni ugonjwa, kaka, na una matibabu. Siyo uvivu, wala siyo wazimu. Kesho njoo daktari akuangalie."

Fundi alifunga duka mchana kweupe. Alimkuta mkewe sebuleni, mabegi mlangoni. Maneno aliyoyapanga njiani yaliyeyuka yote.

"Mama watoto, sina mwanamke. Naumwa. Muuguzi anasema huenda ni sonona. Kesho naenda kliniki, na naogopa kwenda peke yangu."

Mkewe alimkazia macho. Kisha akaketi juu ya begi, akalia kwa sauti.

"Miezi minne, baba watoto! Miezi minne najitazama kwenye kioo natafuta ubaya wangu." Akajifuta machozi kwa kiganja. "Wanafungua saa ngapi?"