Siku Tano Nilizoziruka

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa kamba. Si kalamu, si daftari. Kamba ya katani yenye mafundo, fundo moja kwa kila dhiraa, yaani urefu wa mkono tangu kiwiko mpaka ncha ya kidole. Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 1964, sokoni Matrah, nami nilikuwa nimeshuka kutoka Unguja miezi michache tu nyuma yake na sanduku moja. Nikidhani udalali wa nyumba na mashamba ni kazi ya ulimi. Ulimi ninao, nikajisemea, basi kazi ninayo.

Aliyenipa kamba ile tukimwita Mkubwa wa Madalali. Alikuwa mzee mfupi mwenye ndevu za hina, na kwa kuwa ujana wake aliumalizia Pemba, Kiswahili akikijua vizuri, pamoja na matusi yake.

"Nyumba ina kuta ngapi?" akaniuliza.

"Nne, sheikh."

"Kuta hazinihusu mie. Ina majirani wangapi?"

Nikaanza kuhesabu milango ya mtaa kwa macho.

"Basi nenda kapige hodi. Kila jirani akwambie kwa kinywa chake mpaka wake unaishia wapi. Ukirudi na majina yote, hapo ndipo utapokuwa umeanza."

Nayaandika haya kwa sababu ya mjukuu wangu Thuraya, anayesomea leseni ya kuuza nyumba huko Qurum. Ana kozi ya siku chache, ana mtihani wa kwenye kompyuta, ana kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Juzi aliniuliza kwa kunitania, "Babu, na nyinyi zamani mkisoma, au ilikuwa domo tu?" Nikacheka naye. Alipoondoka nikakaa na swali lake siku nzima, maana jawabu lake si la kuchekesha.

Tukisoma, tena sana. Mwaka mzima wa kwanza nilibeba kamba. Nilipima nyumba za Matrah, viwanja vya Darsait ambako wakati ule palikuwa na mawe kuliko watu, na nyumba za ndani ya ukuta wa Maskati ambazo ghorofa ya juu ni ya huyu na ya chini ni ya ami yake. Nilifundishwa shufaa, ile haki ya mshirika au jirani kuulizwa kwanza kabla mali haijauzwa kwa mtu wa mbali. Nilifundishwa khiyari, ambapo mtu huuza nyumba yake kwa sharti la kuirudisha mkononi ndani ya muda fulani. Dalali asiyeliona sharti hilo humpa mteja nyumba ya kuazima naye akidhani amenunua.

Mwaka wa pili nilipelekwa kwa Karani wa Hati, mtu mkavu aliyekuwa akivuta ugoro na kupiga chafya kila baada ya mstari. Kwake nilijifunza kusoma hati za kale, zenye maandishi yaliyofifia na mipaka ya "mpaka kwenye mkunazi wa fulani", na mkunazi wenyewe umeshakufa zamani. Neno lake lilikuwa moja: "Soma kilichoandikwa, halafu kaa usome kisichoandikwa." Mimi nikiliona neno la kujitia hekima. Tukirudi sokoni nikimwigiza, chafya na yote, na wenzangu wakivunjika mbavu.

Likabaki sharti la mwisho kabla ya kupewa ruhusa.

"Utakwenda Qurayyat," Mkubwa wa Madalali akaniambia, "kwenye kijiji cha juu, penye falaji. Utakaa siku nane."

Falaji ni ule mfereji wa kale unaoleta maji kutoka chini ya milima mpaka mashambani. Nilikuwa nimeshauona.

"Nikafanye nini, sheikh?"

"Ukae. Zamu ya maji pale ni siku nane, tangu shamba la mwanzo mpaka yarudi pale pale. Uifuate yote. Usinirejee na saba."

Nilikwenda nikinung'unika. Njia ilikuwa ya punda, milima mitupu. Kijijini nilipokewa na mgawa maji, mzee aliyekuwa na kijiti kimechomekwa ardhini, akitazama kivuli chake kujua fungu la nani limekwisha na la nani limeanza. Siku ya kwanza niliona ajabu. Siku ya pili niliona yale yale. Siku ya tatu nilikuwa na nzi, joto, na watoto wanaocheka Kiarabu changu cha Unguja. Nikajiuliza: mimi nimekuja kuuza nyumba au kuchunga maji? Kwetu maji yalitoka mbinguni, hayakuhitaji mtu na kijiti. Jioni ile wachuuzi wa papa mkavu walikuwa wanapita kuelekea Matrah. Nikamuaga mgawa maji, nikamwambia nimeitwa nyumbani, nikafuatana nao.

Siku zilizobaki nilijificha kwa shangazi yangu Darsait, nikila na kulala. Siku ilipotimia nilichota vumbi uani, nikajipangusia kwenye kanzu na miguuni, nikaenda sokoni. Naam, nilijipaka vumbi. Nina miaka zaidi ya themanini na bado nikilikumbuka hilo uso unaniwaka moto.

"Umeziona zote nane?" Mkubwa wa Madalali akauliza.

"Nimeziona, sheikh."

Hakuuliza la pili. Mtu huyu akipewa hati na kadhi aliisoma mara tatu, lakini neno langu alilichukua hivi hivi. Wazee wawili wa soko wakanidhamini, nikala kiapo cha kutomficha mnunuzi wala muuzaji kitu, na mwanzoni mwa 1967 nikapewa karatasi ya ruhusa yenye muhuri. Ndani yake imeandikwa kwamba mtajwa amekamilisha yote yaliyotakiwa kwake. Shangazi alipika pilau.

Mwaka uliofuata akanijia Bi Zuwena. Huyu alikuwa jirani yetu Unguja, aliyenilea akisaidiana na mama yangu, na sasa mjane aliyefika Maskati na wajukuu wawili na bangili zake za dhahabu. Kule kwao alikuwa na shamba. Hapa alikuwa na chumba. Alitaka tena kipande cha ardhi kabla hajafa, na bangili ndizo alizotaka kuzitoa.

"Mie sijui kusoma hicho Kiarabu chenu cha karatasini," akaniambia. "Nnakutegemea wewe mwanangu. Wewe ndo macho yangu na masikio yangu."

Nilimpatia shamba Qurayyat, kijiji kile kile. Mitende, ndimu, na nafasi ya kupanda. Tulipokwenda kuliangalia maji yalikuwa yakipita kwenye vijito vyake, safi, yakimeta. Bi Zuwena alivua viatu akaingiza miguu, akaanza kulia. Nami nilifanya kazi yangu kwa fakhari. Nilipima kwa kamba. Nilizungumza na majirani wote wanne, shufaa hawakuitaka. Khiyari haikuwepo. Tena nilimuuliza muuzaji swali nililoliona la ustadi mkubwa: "Na mitende yote hii ni yako, au mingine ni ya watu?" Maana kwetu Unguja ardhi huweza kuwa ya huyu na miti ya yule, na dalali mjinga huuza mikarafuu isiyo ya muuzaji.

"Yote yangu," akasema, na alisema kweli.

Karani wa Hati akasoma: ardhi yenye mipaka kadha, pamoja na mitende na miti iliyomo. Nikamtafsiria Bi Zuwena neno kwa neno. Neno maji halikuwemo. Sikuliona, kwa sababu sikujua kwamba lilipaswa kuwemo.

Alihamia na wajukuu zake. Alipanda migomba, mchaichai, muhogo kidogo. Kila aliyekuja mjini aliniletea salamu zake na ndimu. Miezi saba hivi ikapita, kisha siku moja akaja mwenyewe sokoni, mbele ya watu, buibui limejaa vumbi la kweli.

"Mwanangu, maji hayaji."

"Yamekatika?"

"Hayajakatika. Yanapita. Yanapita mbele yangu yanakwenda kwa mwengine. Nimemuuliza yule mzee wa kijiti, ati ananambia mie sina maji."

Nilikwenda naye siku ile ile. Muuzaji alikuwa bado yupo kijijini, na alitupokea kwa kahawa na tende bila wasiwasi wowote. "Mimi niliuza ardhi na mitende," akasema. "Maji ya shamba lile baba yangu aliyauza zamani. Mimi nikiyakodi mnadani msimu kwa msimu, na msimu umekwisha. Dalali wako hakuniuliza maji. Nani asiyejua kwamba ardhi ina mwenyewe na maji yana mwenyewe?"

Nani asiyejua. Nilimwendea mgawa maji, na yeye akanitambua. "Wewe ulikwenda zako siku ya tatu," akasema, wala hakusema kwa ubaya. "Zamu ile ilikuwa ya kufungua msimu, na mnada huwa siku yake ya tano, hapo penye baraza ya msikiti. Wote wenye mashamba yasiyo na maji hukusanyika. Ungekaa ungewaona kwa macho yako, na yule bwana akiwa mmoja wao."

Ukenda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Mimi nilikwenda Qurayyat na macho yangu yote mawili ya Unguja, nikauliza swali la Unguja, nikajibiwa kweli tupu.

Nilimkodia Bi Zuwena maji msimu mmoja. Wa pili tulizidiwa mnadani na watu wenye mashamba makubwa. Migomba ilikufa kwanza, halafu ndimu. Mitende hufa taratibu, hukaa imesimama muda mrefu makuti yakining'inia.

Nikaenda kwa Mkubwa wa Madalali kumwomba ushauri. Alikuwa ameanza kuumwa, amelala barazani kwake, na alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Sasa wewe," akasema, "ulipokaa zile siku nane, mnada hukuuona?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema kweli. Mlango ulikuwa wazi kabisa na hakukuwa na mtu mwengine pale ila mimi na yeye.

"Niliuona, sheikh," nikasema. "Nilisahau."

Akanishika mkono. "Kusahau ni kwa binadamu. Usijitese. Mtu hakosi kwa kusahau, hukosa kwa kutokwenda." Akaniombea dua. Wiki chache baadaye alifariki, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Hivyo uongo wa pili sikuweza tena kuufuta. Wa kwanza ulikuwa wa kijana mvivu. Wa pili niliusema nikiwa mtu mzima, nikijua ule wa kwanza umeshamgharimu nani nini.

Bi Zuwena aliliacha shamba mwaka 1970, akapanga chumba Darsait, akawa anashona kofia. Vidole vilimuuma lakini mkono wake ulikuwa mzuri, kofia zake zikitafutwa. Siku moja nilimfuata nikamwambia yote: wachuuzi wa papa, shangazi, vumbi la uani. Nilitaka anitukane. Alivuta uzi, akaukata kwa meno.

"Siku nane tu?" akauliza.

"Nane, Bi Zuwena."

"Na kazi yenyewe kukaa?"

"Kukaa."

Akalaza kofia mapajani. "Si ungenambia hukukaa, mwanangu. Ningekwenda kukaa mie. Mie nilikuwa na wakati."

Alinipa chai, akaniuliza habari za mama. Mpaka alipofariki hakunirejea kwa neno lile, na laiti angenirejea.

Baada ya 1970 mji ulifunguka, barabara zikaja, na kila mwenye ulimi akawa dalali. Mimi nilifanya kazi ile miaka mingi mingine. Niliuza viwanja Ruwi, niliuza majumba Qurum yenye bomba kila chumba, na kila mara nikiuliza maji yanatoka wapi, hata wateja wakinicheka. "Mzee, ni bomba!" Nikiuliza hivyo hivyo. Sikumpotezea mtu mwengine mali yake, na watu walinisifu kwa uangalifu. Sifa zile sikuzifurahia hata siku moja.

Nilipostaafu wanangu walichukua ile karatasi ya ruhusa, wakaitia fremu, wakaitundika sebuleni. Wageni huisoma kwa heshima. Jana Thuraya alikuja na simu yake, akasimama mbele yake kutaka kuipiga picha. Mwalimu wa kozi amewaambia walete kitu cha kale kinachohusu kazi hii, na yeye anajivunia kuwa babu yake alikuwa miongoni mwa waliosoma kikamilifu.

"Babu, hapa pameandikwa umekamilisha yote," akasema. "Nitawasomea darasani."

Nikamwambia akae. Nikamsimulia, kama nilivyowasimulia nyinyi, na hakutania. Nilipomaliza aliishusha simu, akaniuliza kwa sauti ndogo kama bado naruhusu picha ipigwe.

"Piga," nikamwambia. "Lakini itoe fremuni kwanza, uchukue kalamu. Andika hapo chini ya muhuri, kwa hati nzuri: alikaa siku tatu."