Mtani Alipoonja Oili

Ninyi vijana mtakaosoma haya, msianze kucheka kabla sijamaliza. Mimi niliishia darasa la nne, lakini injini ya dizeli nimeifungua na kuifunga kwa mikono hii. Na kosa lililotokea nitalisema mwenyewe, kabla hamjasimuliwa na babu yenu, maana yeye huongeza chumvi.

Injini yenyewe ni ya silinda moja, ya kupiga hendeli. Ndiyo iliyokuwa ikizungusha mashine yangu ya kusaga hapa Itetemia, na nimelea watoto saba kwa kazi yake. Umeme ulipofika, watu wakahamia mashine za umeme. Injini ikabaki bandani, kuku wakawa wanataga juu yake. Mwaka juzi wanangu wakasema banda linatakiwa, wakamwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Nikawaambia, "Akija Ijumaa akaikuta haiwaki, aibebe. Akiikuta inawaka, asiiguse." Nilishasema, basi. Sikuwa na pa kukimbilia.

Nikamwita fundi. Fundi huyu ni Mgogo, na sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakipita kwao na mizigo kwenda pwani. Alipoiona injini tu, akatupa begi la spana chini, akashika kichwa, akaangua kilio.

"Jamani, msiba! Mtani, mmekaa na maiti siku zote hizi hamjazika?"

"Fungua injini, acha kelele."

"Sigusi maiti na njaa. Msibani watu wanakula!"

Nikampikia ugali na kisamvu cha karanga. Alikula kama msiba ni wa watu watatu.

Wiki nzima tulikuwa bandani. Yeye anafungua, mimi nasugua masizi kwa dizeli. Tukaweka ringi mpya kwenye pistoni, valvu akazisaga mpaka zikaziba vizuri. Mzee wangu, huyo babu yenu, kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti mlangoni na kuuliza, "Bado?"

Alhamisi asubuhi, na baridi ile ya kwetu, ikabaki kumimina oili tu. Nikaingia stoo nikatoka na dumu. Fundi akamimina, akakunja uso.

"Mtani, oili hii nzito."

"Injini ya zamani inataka oili nzito. Au nikufundishe kazi?"

Fundi akashika hendeli. Hendeli ikagoma. Mzee wangu akainuka kumsaidia, wakaning'inia wote wawili kama wanang'oa muhogo. Wapi!

"Imekamata," fundi akasema. Safari hii hakutania. Ijumaa ilikuwa kesho.

Akafungua nati ya chini amwage oili, aone kuna nini ndani. Ikatoka polepole, uzi mmoja mrefu usiokatika. Akaigusa, akainusa, akalamba kidole.

"Mtani," akasema taratibu, "oili yenu tamu."

Asali. Asali ya porini, nyeusi, karibu dumu zima. Nilikuwa nimeiweka kwenye dumu la njano sawasawa na lile la oili, nikayapanga pamoja. Mzee wangu alicheka mpaka akashikilia nguzo ya banda. Nikamwuliza kama amemaliza. Hakuwa amemaliza.

"Babu zetu waliwatoza babu zenu hongo ya njia ndipo wanywe maji kwetu," fundi akasema. "Leo mmenilipa asali, tena mmeichuja kwa injini!"

"Chukua spana wewe! Hao babu zako walikuwa wezi ila walijua kufanya kazi."

Nikachemsha maji masufuria matatu. Tukaosha kila pembe, tukasuuza kwa dizeli, tukakausha kwa matambara, na kanga yangu moja ikaishia humo. Ndipo tukamimina oili yenyewe. Nyuki wakaja. Fundi hawakumgusa. Walimwuma mzee wangu sikioni. Sikuwatuma, lakini sikuwafukuza.

Ijumaa gari la vyuma chakavu likaingia uani wakati fundi anapiga hendeli. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Vijana wa kubeba wakaanza kukunja mikono ya mashati. Mara ya tatu ikakohoa, ikatema moshi mweusi, ikawaka. Mabati ya banda yakatetemeka, kuku wakakimbilia kwa jirani.

Mwanangu mkubwa akanyoosha mkono aizime, ati apate kuongea na mnunuzi.

"Toa mkono! Hapa haizimi mtu," nikawaambia wote. "Mpeni mgeni kiti na chai, anywe humuhumu bandani."