Moshi wa mupera ulimubakisha bopère

Wakuu, bonjour. Niko Lubumbashi, upande wa Karavia, na Kiswahili yangu ni ya huku, munivumilie. Hii sikuambiwa na mutu, ilinipata hapa nyumbani, mu parcelle yangu mwenyewe.

Bopère, yaani baba mukwe, baba wa bibi yangu, alikuja kukaa kwetu baada ya kufiwa na mama mukwe. Ni muzee wa Kabongo, alitumika ku reli maisha yake yote.

Shida ni kwamba hakuwa anakula. Sahani inaenda, sahani inarudi. Siku moja akamwambia bibi yangu: "Jumamosi narudia Kabongo. Nyama yenu ya frigo haina harufu."

Bibi yangu alilia. Kule hakukubaki mutu wa kumuangalia, na miye pia nilikuwa nimeisha kumuzoea.

Kwao nyama inakaushwa ku moshi. Basi nikakata pipa, nikaweka waya juu, nikanunua mbuzi. Kuni? Mukaliptusi si imejaa kila fasi, nikatia ile.

Wakuu, nyama ilitoka na harufu ya pomade ya kifua. Mbwa wetu alinusa, akaenda zake kulala. Bibi yangu alicheka mpaka akakaa chini, na tangu matanga sikuwa nimesikia kicheko yake.

Jirani yetu, mama Ngoie, akachungulia: "Shemeji, unapika ao unatibu mafua?"

Akanipa matawi makavu ya mupera, alikuwa ameyakata sababu yalikuwa yanaharibu mabati ya nyumba yake. "Tia hii. Moto kidogo, moshi mingi."

Kutwa nzima nilikuwa pale na nyama iliyobaki, macho nyekundu, nazuia moto usiwake. Moshi wa mupera uko mutamu kabisa. Hata mutu ameshiba ananusa anarudi.

Sasa, kwetu mukwe hakai ku meza na baba wa bibi yake, ni heshima. Muzee akapelekewa sahani, miye nikabaki kikoni nasikiliza, roho juu. Halafu nikasikia mufupa unavunjwa.

Akaniita. Nikaingia naangalia chini, nikaona sahani imebaki mifupa tupu.

"Hii kuni ni ya muti gani?"

"Mupera, papa. Ni ya mama Ngoie."

Akanirudishia sahani.

Jumamosi asubuhi nikaamuka nimusindikize ku gare ya treni. Chumbani hayuko. Tukamukuta nyuma ya nyumba na jembe, anachimba shimo, na muche wa mupera iko pembeni.

"Hatuwezi kuombaomba kuni kwa jirani kila siku," akasema. "Huu ukikomaa tutakata matawi yetu."

Bibi yangu alienda kuteka maji ya kumwagia.

Somo nililopata: mutu akikataa chakula, uliza kwao inapikwa namna gani mbele ya kumubembeleza. Na mukaliptusi muachie dawa.

Ninyi wakuu munakausha na muti gani? Muavoka? Muembe? Mujibu haraka, muzee anasoma juu ya bega yangu, na ameisha kusema anayetumia muembe atakula nyama yake mwenyewe.