Mwanaume wa Ndani ya Kaye

Tuseme ukweli: Déogratias hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma pale Nyawera, na malango yake yalifika hadi Kavumu. Lakini miaka mitatu ya uchumba ilipita bila kumwambia Carine kwamba anampenda. Alimtengenezea meza, akamrekebishia dirisha, akaona yatosha.

Carine alisuka nywele kwenye saluni ya Gisèle, kule Kadutu. Wateja wakichoka kukaa, aliwasomea hadithi aliyoitunga mwenyewe katika kaye, daftari la shule la kurasa mia. Humo alikaa Anselme, daktari mrefu, mpole, ambaye mvua ikinyesha alimbeba mpenzi wake asikanyage matope, na kila siku, kila siku jamani, alimwambia anampenda. Akina mama walishusha pumzi. Wengine walirudi kusukwa kabla nywele hazijachakaa, wajue tu Anselme amesema nini.

Déogratias alijua vizuri kwamba Anselme hayupo. Hilo ndilo lililomuuma. Mwanaume wa kweli unamkunja shati mkamalizana. Huyu utamshika wapi? Siku moja Carine alipotoka saluni kwenda kuchota maji, Déogratias aliifungua kaye akahesabu: katika kurasa sita, Anselme alikuwa amesema "nakupenda" mara kumi na moja. Fundi alitoka pale roho inamchoma. Mvua iliyofuata akajaribu kumbeba Carine kwenye mteremko, wakaanguka wote wawili. Carine alicheka hadi akashika mbavu. Déogratias hakucheka, maana alikuwa na hakika Anselme asingeanguka.

Jumapili, tangazo la ndoa yao likasomwa kanisani mara ya pili. "Anayejua kizuizi chochote amwarifu padri." Watu husikia maneno hayo huku wakitafuta sadaka mfukoni. Déogratias aliyasikia hasa. Jumatatu, akiwa na nguo za kazi, aliingia ofisini kwa Padri Zagabe kuweka kizuizi kwa ndoa yake mwenyewe.

"Carine iko na mwanaume mwingine, mon père."

"Anaitwa nani?"

"Anselme. Ni docteur."

"Anaikala wapi?"

"Mu kaye."

Padri aliweka kalamu chini. Alipoelezwa yote, alijikaza asicheke. "Sasa unataka nini? Nisisome tangazo ya tatu?"

"Sijue! Namupenda mpaka naumwa, mon père. Nikisikia anasoma jina ya ule mutu, nashindwa hata kushika chuma. Nisipomuoa nitakufa. Na nikimuoa, tutaikala batatu mu nyumba!"

Padri akampigia Carine simu. Alifika mbio, mikono bado ina mafuta ya nywele, moyo juu, akidhani ndoa imekufa. Padri akamsimulia neno kwa neno, Déogratias akitazama viatu vyake. Carine alikuwa tayari kugomba. Aliposikia "mpaka naumwa," akakaa kitini polepole.

"Déo, ule Anselme, maneno yake ni nani anaandika?"

"Ni wewe."

"Ni mimi. Miaka tatu najiambia 'nakupenda' mimi mwenyewe, na biki yangu ya kuandika. Unaona ni vizuri? Na wewe, yako yote umekuja kumupa padri!"

Padri akakohoa. "Basi, nifute kizuizi?"

"Hapana, mon père. Bado hajasema."

Déogratias, aliyezoea kuinua lango la chuma peke yake, alifungua mdomo mara mbili, sauti ikagoma. Mara ya tatu ikatoka, kavu, imekatika katikati.

"Carine. Nakupenda."

Carine akafunika uso, machozi yakapenya kati ya vidole. "Anselme anasemaka muzuri kuliko wewe," akasema. "Lakini maneno yake nilikuwa najua mbele ya yeye kusema. Rudilia."

Wivu ukampanda Déogratias palepale, na akarudia kwa sauti iliyomfanya mlinzi wa langoni ageuke.