Kichwa cha Kupimia Kofia za Wajerumani

Nilikwenda Guangzhou kununua vitambaa soko la Zhongda, nikaishia kuvalishwa kofia za chuma za jeshi la Wajerumani. Ukicheka, cheka tu. Hata mimi siku za mwanzo nilicheka.

Viza yangu ilikuwa inakaribia kwisha. Mzee mmoja wa Kichina, mwenye duka la vitu vya kale uchochoroni nyuma ya mtaa wa Liuhua, akasema ataniongezea muda kupitia mtu wake, nami nimwandikie barua za Kiingereza kwa wateja wake wa Ulaya. Nikampa pasipoti. Akaifungia kwenye droo ya meza yake, na viza ikaisha humo humo. Nje polisi waliwasimamisha Waafrika kwenye daraja la watembea kwa miguu na kudai karatasi, kwa hiyo sikutoka. Nililala chumba cha juu ya duka, nikala wali alioniletea, na kila nilipomkumbusha alisema, "Kesho, meimei, kesho." Meimei ni dada mdogo. Dada gani anafungiwa droo?

Kazi niliielewa upesi. Kofia hizo Wajerumani waliwauzia Wachina kabla ya vita kuu ya pili, na vijijini bado ziliokotwa, nyingine zimegeuzwa kata za kuchotea samadi. Ndani, upande wa kushoto, chuma kimegongwa namba: sitini na nne, sitini na sita. Pete inayoshika ngozi ya ndani ina namba mbili, ya chuma na ya kichwa chenyewe. Sitini na sita huchukua kichwa cha sentimita hamsini na nane au hamsini na tisa. Namba zikipingana, ujue kuna mjanja kabadilisha ngozi. Za sitini na nne zilijaa tele. Sabini, ya wenye vichwa vikubwa, ndiyo adimu, na wateja waliililia.

Tabu ilikuwa kutu. Namba ikiliwa na pete ikipinda, laoban, yaani bosi, hakuiamini tepu. Aliniamini mimi. Alinivika kofia juu ya ushungi, akaizungusha, akatazama imekaaje: ikishika vizuri, sitini na sita, ikitembea, sitini na nane, ikiangukia nyusi, sabini. Nywele zangu hakuwahi kuziona wala kuziuliza. Hakujua kwamba kipimo chake chote kilisimama juu ya mabutu niliyojisuka mwenyewe.

"Ukinipatia sabini," aliniahidi, "pasipoti yako hii hapa, rudi kwenu."

Siku moja ikaja kofia iliyoliwa vibaya na kutu. Alinivika asubuhi, ikatembea kidogo tu. Sitini na nane. Uso ukamshuka, akaipaka ngozi mafuta, akasema tutapima tena mchana ikishalainika.

Nilipopanda kuswali adhuhuri nilifumua mabutu yote. Nikazichana nywele zikalala, nikajifunga ushungi mwepesi kuliko zote nilizokuwa nazo. Sikuona haya hata chembe. Nilitaka kwetu.

Nikashuka. Akanivika. Kofia ikaniangukia nyusi.

"Qishi!" akapiga kelele. Sabini! Akapiga makofi, akanizunguka akicheka, kisha akaiendea droo na kuifungua. Nililiona jalada la pasipoti yangu. Nililijua hata lile kunjo la pembeni, na machozi yakanitoka papo hapo.

Akaitoa, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati. Halafu akanitazama kwa upendo wa kweli, na hapo ndipo nilipomchukia.

"Meimei," akasema taratibu, "asubuhi mimi nilishaikatia tamaa. Kichwa chako peke yake ndicho kilichojua. Nikikuachia, kingine kama hiki nitakipata wapi?"

Akairudisha pasipoti, akafunga droo, ufunguo akautia mfukoni. Kisha akachukua kofia nyingine mezani, akapuliza vumbi lililokuwa ndani, na kunivika.