Siku Niliyovutiwa Kiti Nisome

Kusoma mimi najua, tena herufi za Kiarabu, ila nasoma kama mtu anayepanda ngazi na gunia la nazi begani. Haya niliyagundua Unguja, kijana wa miaka ishirini, kwenye hitima ya jirani. Tuligaiwa juzuu za Msahafu, kila mwanamume na yake. Kwa kuona haya kuwa wa mwisho, nikawa nafunua ukurasa kila anapofunua aliye kulia kwangu, midomo inacheza tu. Kumbe na yeye anamfuata mwengine. Tukamaliza kabla ya shehe. Shehe akatutazama, akasema, "Nyinyi mnasomea injini?" Tangu siku ile, nikiingia hitimani napewa kazi ya kuangalia viatu mlangoni.

Nalisema hili kwa sababu ulinzi nilianza na viatu, nikaishia na wasichana. Tulipokuja Oman, miaka ya sabini, nilikaa kwanza Ibra nikipakua saruji, halafu Sur kwa dada yangu, nikala samaki mpaka nikawachukia. Hayo tuyaache. Miaka ya thamanini nikapata ubawabu Nizwa, kwenye bweni la chuo kimoja cha wasichana. Chuo sikitaji.

Binti wa dada yangu alikuwa anasoma pale. Yeye na wenzake waliozaliwa Afrika walikuwa na chama chao. Chuo hakikutambua chama chochote, kwa hiyo chama hakikuwepo, isipokuwa kila Alkhamisi alasiri kilikuwepo kwenye chumba cha kufulia, kinanukia mkate wa kumimina. Msichana mpya, aliyetoka Bujumbura au Mombasa na Kiarabu cha kuombea maji tu, alipewa somo, kama bibi zetu walivyompa mwari somo wa kumfunda. Ila somo huyu alimfunda hesabu na nahau ya Kiarabu, na kumshika mkono akilia usiku wa kwanza. Na walikuwa wanafaulu, usifanye mchezo.

Maneno yakazuka. Wasichana wa Nizwa wakauliza kwa nini wao hawana somo, na kwa nini mtu akiingia wale wengine wanageuza lugha. Wana haki, nikawaambia. Binti wa dada akasema bila ya chama wale wapya watafeli. Naye ana haki, nikamwambia. Ukikaa langoni, kila anayepita ana haki. Mushrifa, yule mama msimamizi wa bweni, alisema jambo moja tu: chama kikithibitika, mkubwa wake anatoka bwenini. Na Sur na Nizwa si njia ya kwenda na kurudi kila siku. Kutoka bwenini ndiko kutoka masomoni.

Nilimwapia dada kwamba mdomo wangu umeshonwa. Mushrifa aliniuliza mara tatu, nikamjibu mimi naangalia lango, siangalii chumba cha kufulia. Nikajiona shujaa.

Mchana mmoja nikaitwa ofisini. Nikavua viatu mlangoni. Ndani yumo mkuu wa chuo na mushrifa, na ukutani wamesimama binti wa dada na wenzake wawili, wamekana kila kitu. Mezani pana daftari lililokutwa chini ya godoro. Limeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mushrifa anazisoma zote na haambulii kitu, maana ni Kiswahili, kama barua za bibi zetu. Mkuu akavuta kiti kwa mkono wake mwenyewe.

"Ya ammi, nimeambiwa wewe unaweza kutusomea hili."

Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyenivutia kiti nisome. Nikavaa miwani. Nikasoma, bwana, na wallahi siku ile sikukwama. Nasoma mstari, naufasiri kwa Kiarabu, na sauti naivuta. Somo mkuu ni mmoja, wari ni wanane. Alkhamisi kila mtu aje na chakula, asiyekuja nacho aoshe vyombo. Siri ya chama haitoki nje. Hiyo niliifasiri mara mbili, maana mushrifa hakuisikia vizuri.

"Mjomba, basi," akasema binti wa dada.

"Ngoja, mwanangu, umebaki ukurasa mmoja."

Ukurasa wenyewe ulikuwa wa majina. Juu kabisa, somo mkuu. Nikalisoma jina lake, na la baba yake, na la babu yake, mpaka nilipofika kwenye kabila ndipo masikio yangu yakasikia nilichokisoma.

Mushrifa akasema godoro la binti wa dada liwe tupu kabla ya Jumamosi. Mkuu akanishukuru, akataka kujua nimesomea wapi. Sijamjibu bado, binti wa dada akasema kwa Kiswahili, polepole:

"Umesoma vizuri, Mjomba. Hukuruka hata neno."

Nikatoa funguo za lango mfukoni, nikaziweka juu ya daftari, nikatoka. Nilipofika barabarani lami ikaniunguza, ndipo nikakumbuka kwamba viatu vyangu nimeviacha mlangoni pa ofisi. Nikaendelea kutembea. Sikuvirudia, wala lile lango sikulirudia tena.